Kadi Kumi na Nne za Aprili

4 Februari 2019

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na masikio hayajazidi kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu, goti bado linamtesa lakini fimbo haitaki, anasema fimbo ni ya wazee na yeye ana miaka sitini tu. Mwanangu ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwa kila kitu, ikiwemo pua yangu.

Sitakusumbua tena na habari za kununua simu ya kuandikiana. Tangu ulipotuambia unapenda maneno unayoweza kuyasoma mara tatu bila kuyachaji, nimesalimu amri na kununua bahasha dazeni nzima.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi, na utacheka ukijua wapi. Ni idara ya mvua, jengo lile lile ulilofanyia kazi wewe. Nimepewa jukumu la kuhamisha kumbukumbu zote za zamani kutoka kwenye kompyuta zinazokufa kwenda kwenye mpya. Ni kama kuhama nyumba, ila badala ya masufuria nabeba tarakimu: mvua ya kila siku, kituo kwa kituo, tangu kabla sijazaliwa.

Juzi niliteremka stoo. Nikakuta diski laini za flopi zilizojikunja, tepe kubwa kama sahani, na nyuma kabisa meza ya chuma yenye vitufe kama vya taipureta. Nikamwuliza mtunza stoo hiki ni kitu gani. Akasema, "Huyo ni bibi wa laptop yako. Usimsukume, anavunja vidole vya miguu."

Shangazi, nimekaa mbele ya huyo bibi nusu saa nzima nikimbonyeza. Hana kioo! Mlijuaje mlichoandika? Mkikosea mlifutaje? Nieleze tangu mwanzo, usiruke kitu.

La mwisho ni dogo. Kila mstari wa zamani unaishia na namba ya aliyeuandika. Namba 07 ndiyo safi kuliko zote, na Baba anasema saba ulikuwa wewe. Basi mbona mwaka 1974, kuanzia tarehe 16 Aprili, vituo kumi na vinne vya 07 vinasema haikunyesha hata tone, na vituo jirani vimejaa maji?

Mwanao,
Kwanini (bado wananiita hivyo, hata kazini)


21 Februari 2019

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Mimi sijambo, masikio yamebaki moja na nusu. Paka amezaa ndani ya kabati la shuka bila kuniomba ruhusa. Mwambie baba yako mimi ni dada yake mkubwa na nina fimbo mbili, nampa moja.

Hongera sana kwa kazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, kama ulivyosema.

Kwanza mtunza stoo wenu amekudanganya. Huyo si bibi wa laptop, huyo alikuwa mtumishi tu. Ni mashine ya kutobolea kadi za karatasi ngumu, ambazo kompyuta ilizisoma kwa matundu yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa chumba cha pili, na hatukuingia bila kuvua viatu.

Fundi aliyetufundisha alianzia kwenye mashine za kizazi cha kwanza, huko alikosomea. Alisema zilijaa valvu, vitaa vya kioo kama balbu, maelfu kwa maelfu, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta kipi kimeungua. Chumba kilikuwa na joto kama tanuri. Hizo mimi sikuziona. Niliyoikuta mwaka 1969 ilikuwa ya kizazi cha pili, ya transista, vidude kama punje ya mahindi vilivyoshika kazi ya vile vitaa. Urefu wake magari mawili yaliyoegeshwa. Ilivunjwa sehemu ya ukuta ili ipite. Na kumbukumbu yake, sikia hili, ilikuwa vipete vya chuma vidogo kuliko mbegu za ufuta, vimetungwa kwenye nyaya kwa mkono kama shanga. Herufi elfu kumi na sita, basi, imejaa. Mwendesha mitambo alinionyesha siku moja kwa kioo cha kukuzia. Nikamwuliza nani alikuwa na subira ya kutunga vitu hivi. Akasema, "Wanawake, kama wewe." Siku ile niliipenda kazi yangu.

Sisi watoboaji tulikuwa wanane, mashine nane, kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Masikio yangu niliyaacha mle. Fomu ya karani wa kituo iko kushoto, vidole viko kwenye vitufe, na kila ukibonyeza, kadi inapata tundu. Kufuta hakukuwepo. Tundu halizibiki. Ukikosea unaitoa kadi, unaitupa, unaanza nyingine. Unauliza tulijuaje tulichoandika bila kioo? Vidole vilijua. Nikikosea, kidole kilinishtaki kabla ya jicho.

Mwaka 1979 kikaja kizazi cha tatu. Transista nyingi zikabanwa kwenye kipande kimoja cha ukubwa wa ukucha, kompyuta ikawa kama makabati mawili ya nguo, na kadi zote zikahamishiwa kwenye utepe wa sumaku. Miaka kama kumi baadaye zikaja za mezani, kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Zilikuja kwenye maboksi ya karatasi, zikabebwa na watu wawili huku wanapiga soga. Niliwatazama wakipita pale ulipovunjwa ukuta nikaona wivu, sijui nikimwonea nani.

Kizazi chako hicho cha mfukoni sina la kukisemea. Nieleze wewe.

Uliniuliza na jambo jingine mwishoni, lakini barua imelowa chai, siwezi kulisoma.

Shangazi yako


2 Machi 2019

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hongera za uzazi zimfikie paka. Baba alinuna siku nzima kwa habari ya fimbo, kisha nikamsikia akiuliza kwani hiyo fimbo ni ya mti gani.

Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini. Mkuu wa idara, mtu asiyecheka, alicheka kwenye ile ya kidole kukushtaki. Halafu nikapiga hesabu. Picha moja tu ya meno ya mwanangu kwenye simu yangu ingehitaji mashine kama mia mbili za aina ile yako. Nimejaribu kuziwaza, magari mia nne yameegeshwa barabara nzima, kwa ajili ya meno mawili! Na ajabu ni hii: mimi ninayezitumia sijui ndani mna nini, na wewe ulijua hadi vipete.

Lakini Shangazi, ni chai gani hiyo inayolowesha swali moja na kuacha mengine makavu?

Nauliza tena kwa sababu limekuwa kubwa. Wiki iliyopita alikuja mhandisi wa madaraja, mama mfupi mwenye haraka. Wanajenga daraja jipya mtoni, chini ya vile vituo vyako kumi na vinne, ambavyo viko mlimani, na urefu wa nguzo unategemea mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kupimwa. Nikamchapishia orodha. Akaweka kidole kwenye Aprili 1974.

"Hapa ndipo mto ulipobeba daraja la zamani. Mvua yake iko wapi?"

Mkuu akajibu, "Tarakimu tulizonazo ndizo hizo."

"Basi nitajenga kwa hizo hizo," akasema, "na zikinidanganya tutaonana mtoni." Anazitaka mwisho wa Mei.

Nimechimba mafaili. Nimekuta karatasi ya mwaka 1980: mwendesha mitambo ameachishwa kazi kwa kuharibu utepe wa Aprili 1974. Jina limefutika, ila pembeni mtu ameandika kwa penseli "Taratibu". Ulimjua?

Mwanao Kwanini


9 Aprili 2019

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu posta, halafu paa la jikoni. Watoto wanne wa paka wamepata wenyewe, mmoja nimebaki naye.

Nilimjua, ndiye aliyenionyesha vile vipete. Tulimwita Taratibu kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiiambia mashine ikigoma: taratibu, mama, taratibu. Alikuwa mwendesha mitambo hodari kuliko wote niliopata kuwaona.

Mwambie mhandisi ajenge nguzo ndefu. Asiulize kwa nini.

Shangazi


15 Aprili 2019

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mafua, na kwa posta, na kwa paa.

Mhandisi hawezi kujenga nguzo ndefu kwa sababu shangazi yangu kasema. Nimemwuliza. Kaniambia, "Niletee namba, nitajenga hadi mawinguni."

Jumamosi nilikwenda kuuona mto wenyewe. Siku hizi unavukwa kwa miguu, maji ya magotini. Ng'ambo kuna shule ya msingi. Niliwaona watoto wakivuka wameshika viatu mkononi, mwalimu mbele na mwalimu nyuma, wanahesabiwa wakiingia majini na wanahesabiwa wakitoka. Nilisimama mpaka wa mwisho akatoka.

Sikuandikii kukusuta. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza. Baba anasema ulikuwa ukinijibu hata nilipokuwa sijui kusema vizuri. Juzi nilipomtajia Taratibu akaniambia bwana huyo aliwahi kuja nyumbani kwa babu akiwa na mjomba wake, wamevaa makoti, kuzungumza habari zako. Ni kweli?

Usiponijibu nitaelewa. Ila Mei inakuja.

Kwanini


6 Mei 2019

Mwanangu,

Marahaba. Paka mzima, mimi mzima. Leo sina habari nyingine za kujificha nyuma yake.

Ilikuwa Ijumaa, Novemba 1979. Tulikuwa tunateremsha trei za kadi kwenda chumba cha chini, zikahamishiwe kwenye utepe wa mashine mpya. Trei ya Aprili 1974 ilikuwa mikononi mwangu. Nikateleza kwenye ngazi. Kadi zilimwagika mpaka mlangoni. Nilizizoa zote, na mashine ya kupangia ikazirudisha kwenye mstari, isipokuwa kumi na nne nilizozikanyaga kwa kisigino. Kadi iliyokunjika ikiingia kwenye mashine ya kusomea inararuka, na kazi yote inasimama.

Fomu za makarani zilikuwa zimeliwa na mchwa stoo. Lakini ningeweza kuzisoma zile kadi kwa macho na kutoboa nyingine. Kazi ya saa nzima, haizidi. Tatizo ni kwamba saa hiyo sikuwa nayo. Mkuu wa wakati ule alikuwa mlangoni akiita trei, na wiki moja kabla alikuwa amemfukuza mwenzetu kwa trei iliyomwagika. Basi nikatoboa kadi kumi na nne mpya: namba ya kituo, mwaka, mwezi, namba yangu. Mahali pa mvua nikapaacha patupu, ili idadi ya kadi itimie tu. Nilijiambia Jumatatu nitazibadilisha. Jumatatu nikakuta utepe umekwisha kuandikwa, na kadi zimepelekwa kuchomwa.

Mashine ile ikikuta patupu haikuulizi kitu. Inasoma sifuri.

Ningesema Jumatatu ile ile. Sikusema. Nilijiambia mvua yenyewe ilishanyesha, nani ataiuliza tena.

Mwaka uliofuata mto ukafurika, wakubwa wakataka kumbukumbu za mafuriko ya nyuma, mashine ikachapa sifuri. Wakamwita Taratibu, kwa kuwa utepe ulipita mikononi mwake. Tulisimamishwa ukutani, wote, tusikie. Wakamwuliza aliufanya nini. Akasema, "Labda nilikosea mahali. Sijui ni wapi." Akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa karibu. Nikatazama vidole vyangu.

Kuhusu mjomba wake na makoti yao, swali hilo silijibu.

Zile kumi na nne zilizokanyagwa sikuzitupa. Zimo ndani ya bahasha hii, kati ya kadibodi mbili. Usitafute mashine ya kuzisoma, haiko tena popote ninapojua. Tumia macho. Kadi ina safu themanini zimesimama. Katika kila safu tundu lina mahali pake: likiwa kwenye nne ni nne, likiwa kwenye tisa ni tisa. Matundu ya juu kabisa, juu ya sifuri, ni ya herufi, usiyajali. Safu za mwanzo ni kituo na tarehe. Kadi moja ni nusu mwezi: baada ya hapo kila siku, kuanzia tarehe 16, ina safu nne, na tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya milimita. Ukichoka, inua kadi mbele ya dirisha, mwanga utakusomea.

Mwonyeshe mkuu wako barua hii. Yote.

Shangazi yako, 07


20 Mei 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bahasha ilifika Jumanne, haikukunjika hata pembe.

Sikuweza kusubiri ofisi. Nilizipanga mezani nyumbani, mtoto nikamkabidhi Baba zisije zikaongezewa matundu kwa meno. Kadi ya kwanza ilinichukua dakika ishirini, ya mwisho dakika tatu. Ulisema kweli kuhusu dirisha. Baba alikuja na ile fimbo yako (ndiyo, ameipokea, anasema ni ya kufukuzia kuku, na kuku hatuna) akainua kadi ya kituo cha mlimani na kusoma mwenyewe tarehe 19 kwa sauti: moja, nane, tatu, sifuri. Milimita mia na themanini na tatu kwa siku moja. Akakaa chini. Akasema, "Ndiyo siku ile. Nilikuwa upande huu wa mto, mwalimu wangu upande wa pili, na daraja likapita katikati yetu."

Kazini tulizisoma tena watu wawili, kila mmoja peke yake, tukalinganisha. Hakuna hata tarakimu moja iliyotofautiana. Nikazipiga picha, nikaziingiza, zikahifadhiwa kwa kufumba na kufumbua. Miaka arobaini na mitano tangu inyeshe, Shangazi, na mashine haikushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshangaa. Kumbe vizazi vyote hivyo vya kompyuta vilikabidhiana sifuri zako kwa uaminifu mkubwa, kila kimoja kikiwa na kasi kuliko kilichopita, na hakuna hata kimoja kilichojua kuuliza.

Mhandisi amezipokea. Nguzo zimeongezwa mita mbili na nusu.

Mkuu wa idara aliisoma barua yako amesimama. Nilidhani atasema mambo ya kanuni. Aliomba kalamu. Ameandika barua rasmi kwamba utepe wa 1979 uliandikwa sawasawa na mwendesha mitambo hakuwa na kosa, akaweka muhuri. Mtunza stoo, ambaye anajua kila mtu, anasema Taratibu yu hai. Ni fundi cherehani, yaani anatengeneza mashine za kushonea, mji wa pili kutoka kwako, kwa basi kama saa mbili.

Barua ya mkuu imo humu. Ukiona shida nirudishie, nitaituma kwa posta. Sikwambii nenda.

Kwanini


1 Julai 2019

Mwanangu,

Marahaba, wewe na mtoto na huyo mfukuza kuku.

Bahasha ya mkuu wako ilikaa juu ya kabati siku kumi na nane. Ya kumi na tisa nikapanda basi.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa, cherehani zimepangwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Amekuwa mzee sana. Alikuwa ameinama juu ya mashine ya mtu, anaipaka mafuta, na nikasoma midomo yake kabla hajaniona: taratibu, mama.

Nikamwamkia. Akanitambua papo hapo, akataja namba yangu badala ya jina. "Saba." Mke wake akaniletea kiti na glasi ya maji, akatoka. Nikampa barua. Hakuifungua. Akasema, "Umekuja nayo, basi unajua kilichomo. Niambie wewe."

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti kubwa, unajua sisi viziwi, nadhani mtaa mzima ulisikia. Nilipomaliza akaniomba nirudie toka mwanzo, polepole. Nikarudia. Mara ya tatu akawa ananikatiza na maswali. Kadi mpya niliziweka wapi kwenye trei? Nani aliibeba trei kwenda chini? Mashine ilisimama hata mara moja ilipokuwa inasoma? Nikajibu haikusimama.

"Kwa hiyo ilisoma kilichokuwepo."

"Ilisoma kilichokuwepo."

"Na mimi niliandika ilichosoma."

"Ndiyo."

Akaweka chini kichupa cha mafuta. "Miaka arobaini," akasema, "kila siku natafuta nilikosea wapi. Nimeirudia ile Ijumaa kichwani hatua kwa hatua. Nilifika mahali nikaamini kwamba nililala kazini bila kujijua. Ndiyo maana sikutaka kugusa tena kompyuta yoyote. Kumbe mkono wangu ulikuwa sawa." Akautazama mkono wenyewe, pande zote mbili, kama kitu alichorudishiwa.

Halafu akasimama mlangoni akamwita mke wake na binti zake wawili kutoka uani. Akanipa ile bahasha, nami nikaisoma kwa sauti mbele yao, mpaka muhuri. Binti mkubwa alilia. Yeye hakulia. Mimi sikuwa na haki ya kulia, nikajizuia.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alinisindikiza hadi kituo cha basi, anatembea upande wa sikio langu bovu. Basi lilipokuwa linakuja akahamia upande wa pili, akainama, akaniuliza: siku hizi, kama vipete hakuna na tepe hakuna, kumbukumbu zinakaa ndani ya nini?

Mwanangu, nimemwambia ninaye mtu anayejua. Amesema Alhamisi hana kazi nyingi. Basi njoo, ulete na hiyo kompyuta yako, na bisibisi, kwa sababu anataka kuifungua. Uje na subira pia. Nilidhani nimekuzoea wewe, lakini huyu anauliza kukuzidi.

Shangazi yako